Kujenga kipokezi cha redio tambuzi kinachokula umeme kidogo: mwongozo kwa mafundi wa Uganda

Mtu akiambiwa atengeneze kipokezi kinachokula umeme kidogo, kwanza hukimbilia chipu: ipi ina miliampia chache? Hilo liwe swali lako la tatu. La kwanza ni muda gani saketi inakaa macho. La pili ni mawimbi gani makali utayazuia kabla hayajafika kwenye transista ya kwanza. Ukiyajibu hayo mawili vizuri, hata chipu ya kawaida ya bei ya chini itakaa miezi kwenye betri moja.

Redio tambuzi ni redio inayosikiliza kabla ya kusema. Inapima masafa, inaona yapi yana mwenyewe na yapi yako wazi, kisha inachagua. Wazo hili lilitolewa na Joseph Mitola na Gerald Maguire mwaka 1999. Kwetu linahusu hasa bendi ya UHF ya televisheni, 470 hadi 694 MHz. Baada ya dunia kuhamia dijitali (mwisho wa kimataifa kwa ukanda wetu ulikuwa 17 Juni 2015), chaneli moja hubeba vituo vingi, na nje ya miji mikubwa nafasi nyingi hubaki tupu. Bendi hiyo ina chaneli 28 za MHz 8 kila moja, kuanzia chaneli ya 21 hadi ya 48. Kati ya chaneli ya 21 ni 474 MHz, na kila inayofuata unaongeza 8.

Tunachojenga hapa ni sikio tu, yaani kipokezi kinachozipitia chaneli zote 28 kila dakika moja, kinaandika nguvu ya kila moja, kisha kinalala. Chanzo cha umeme ni betri moja ya lithiamu ya 18650 ya 2500 mAh.

Hatua ya 1: Jua kitakaa wapi

Saketi ya Kampala si saketi ya Moroto. Usipoamua mapema, utajenga kitu kinachoshindwa kote kuwili.

Kampala tatizo ni wingi. Minara imesimama Kololo na Naguru, juu ya vichwa vya watu. Tuseme kituo cha FM kinaangaza kilowati 5, nawe uko kilomita 2 kutoka kwenye mnara bila kizuizi. Antena ya kawaida itapokea karibu −10 dBm (dBm ni desibeli zinazolinganishwa na miliwati 1). Chaneli ya televisheni unayoitafuta huenda iko −90 dBm. Tofauti hiyo ni desibeli 80, yaani mara milioni mia moja. Transista ya mwanzo ikipokea vyote viwili kwa pamoja haitakuonea huruma: itakandamizwa na kile kikubwa, au itazalisha mawimbi ya uongo ambayo hayapo hewani.

Moroto au Kotido ni kinyume chake. Hewa imetulia, mnara uko mbali, na kinachokuangusha ni kelele ya saketi yako mwenyewe. Huko unahitaji amplifaya ya kelele ndogo. Kampala amplifaya hiyohiyo ni adui yako.

Kwa nini hili ni suala la umeme? Kwa sababu uwezo wa transista kustahimili mawimbi makali bila kuyapotosha unanunuliwa kwa mkondo. Ukitaka ivumilie zaidi, unaiongezea miliampia. Kichujio cha koili na kapasita, kwa upande mwingine, hakili hata mikroampia moja. Kila desibeli unayoizuia kwenye kichujio ni mkondo ambao hukuulipia.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya kelele kabla ya kushika chuma cha kuchomea

Kelele ya joto ni −174 dBm kwa kila hezi moja. Kwa upana wa MHz 8 ongeza desibeli 69, unapata −105 dBm. Saketi yako nayo itaongeza zake. Ukijitahidi iwe desibeli 4, kiwango chako cha kelele ni −101 dBm kwa chaneli nzima.

Sasa ukweli ambao vitini vingi vinaupita kimyakimya. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipoanza kuandika kanuni za nafasi tupu za televisheni, ilitaka kifaa kigundue mawimbi yenye −114 dBm. Hayo yako desibeli 13 chini ya kelele yako. Je, kupima nguvu peke yake kunaweza kufika huko? Hapana, hata ukisikiliza mwaka mzima. Sababu ni kwamba hujui kelele yako kwa usahihi kamili. Ukiwa na shaka ya desibeli 1 tu kuhusu kiwango chake, kuna mpaka karibu na desibeli 3.3 chini ya kelele ambao kipimo cha nguvu hakiwezi kuuvuka. Ukipunguza shaka hadi desibeli 0.2, mpaka unashuka hadi karibu desibeli 10 chini ya kelele. Ni nafuu kubwa, lakini bado hujafika.

Ndiyo maana mwaka 2010 Wamarekani waliondoa sharti la kusikiliza kwa vifaa vinavyojua mahali vilipo na kuuliza hifadhidata ya chaneli. Kipokezi chetu kina kazi yake hata hivyo: kinapima matumizi halisi ya masafa, na kinachagua chaneli iliyotulia zaidi kati ya zile zilizoruhusiwa. Usimwahidi mteja zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Kichujio

Weka kichujio kwanza kabisa, mara tu baada ya antena. Kwa kuzuia FM, tumia muundo wa herufi T: kapasita ya pF 9.1 mfululizo, koili ya nH 11 au 12 kwenda kwenye ardhi, kisha kapasita nyingine ya pF 9.1 mfululizo. Kikomo chake ni karibu 350 MHz kwa omu 50. Kwenye 98 MHz kinazuia takriban desibeli 33, na kwenye 470 MHz kinapoteza chini ya desibeli 1. Vipande vitatu tu, vyote vidogo kuliko punje ya mchele.

Tumia kapasita za aina ya C0G (zisizobadilika kwa joto). Koili iwe ya kuchomelewa juu ya bodi, na mguu wake wa ardhi ushuke kwenye shaba kwa tundu lake lenyewe, karibu kabisa. Waya wa milimita chache ni nanohenri kadhaa, na koili yenyewe ni 11 tu, kwa hiyo fanya hesabu ya kilichobaki.

Upande wa juu kuna simu: LTE ya 800 inaanzia 791 MHz na minara ya GSM ya 900 hurusha kwa 925 hadi 960 MHz. Kichujio cha vipande vitatu hakitoshi hapo, maana umbali kutoka 694 ni mdogo. Njia rahisi ni kununua kichujio cha LTE kinachouzwa kwa antena za televisheni. Kimetengenezwa kwa omu 75, na kukiunga kwenye omu 50 kunapoteza desibeli 0.2 hivi kwenye kila kiungo. Usihangaike na hilo. Hangaika na ubora wa kiunganishi, kwani vile vya kusokota kwa mkono huanza kukatika baada ya mvua mbili.

Hatua ya 4: Amplifaya, au kuiacha

Ukiwa Kampala, Entebbe au Mukono, acha nafasi ya amplifaya wazi kwenye bodi na uiunge kwa kapasita moja ya kupitisha. Nimemaliza.

Ukiwa mbali na minara, transista kama BFR93A ikipewa miliampia 5 inakupa kelele ya desibeli 2 hivi kwenye masafa haya, na ukuzaji unaotosha. Tuseme ukuzaji ni desibeli 14 na chipu inayofuata ina kelele ya desibeli 10. Kelele ya chipu inagawanywa kwa ukuzaji wa amplifaya, na jumla ya zote mbili inatoka chini kidogo ya desibeli 3. Ongeza desibeli 1 ya kichujio, umefika kwenye zile 4 za Hatua ya 2. Bila amplifaya ungekuwa na 11.

Kuwa mwangalifu na amplifaya zilizo tayari zinazouzwa mtandaoni. SPF5189Z, kwa mfano, ni tulivu sana kwa kelele, lakini inakula karibu miliampia 90. Ni nzuri kwa kituo chenye umeme wa ukutani.

Umeme wa amplifaya upitie transista ya aina ya P inayowashwa na pini ya mikrokontrola (chipu inayoendesha programu). Isiwe na njia nyingine yoyote ya kupata chaji.

Hatua ya 5: Chipu ya kupokea

Wengi huanza na ile dongo (dongle) ya televisheni ya USB yenye kitafutamasafa (tuner) cha R820T2. Ni shule nzuri, na tutairudia. Ila kitafutamasafa hicho peke yake kinaweza kufika miliampia 178 kwa volti 3.3, na dongo nzima inakula kama miliampia 300 kwa volti 5, yaani wati 1.5. Betri yetu ina watisaa 9.25. Ndani ya saa 6 imekwisha, na bado hujahesabu kompyuta.

Chagua Si4432. Inapokea mfululizo kutoka 240 hadi 930 MHz, inakula miliampia 18.5 ikiwa macho, na ikizimwa inabaki na nanoampia. Inakupa nguvu ya mawimbi kwa ngazi za desibeli 0.5, na upana wake unafika hadi kHz 620. Ndiyo chipu iliyomo ndani ya tinySA, kile kipimamasafa kidogo cha mkononi, kwa hiyo uwezo wake wa kupima umeshathibitishwa na watu wengi. Si mpya, lakini moduli zake zinapatikana.

Moduli hizo zina kasoro moja. Zinauzwa zikiwa zimelinganishwa kwa 433, 868 au 915 MHz. Ukichukua ya 433 na kuiambia isikilize 600, itasikia, ila kiziwi nusu. Ng'oa koili na kapasita za mlango wa antena, uweke zako kwa kufuata jedwali la mtengenezaji kwa masafa ya kati ya bendi.

Mikrokontrola iwe MSP430G2553 au ndugu yake yeyote anayelala kwa mikroampia 1 au chini, pamoja na kristali ya saa ya 32.768 kHz. ESP32 nayo inaweza, ukiipata chipu tupu. Bodi zake za majaribio ni hadithi nyingine, na hadithi hiyo inahusu hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Umeme

Hapa ndipo miradi mingi hufia.

Tuhesabu. Kila chaneli tunaipa milisekunde 40. Chaneli 28 ni sekunde 1.12. Wakati huo chipu inakula 18.5, amplifaya 5 na mikrokontrola 1, jumla miliampia 24.5. Ukisambaza juu ya sekunde 60, wastani ni miliampia 0.46. Betri ya 2500 ukiigawanya kwa 0.46 unapata zaidi ya saa 5400, yaani siku 226. Toa theluthi kwa ajili ya betri kuchoka na kuvuja, bado una miezi mitano.

Sasa weka AMS1117, ile regyuleta nyeusi ya miguu mitatu iliyo kwenye karibu kila bodi ya bei rahisi. Yenyewe bila kazi yoyote inakula miliampia 5. Wastani unapanda kutoka 0.46 hadi 5.46, na siku 226 zinageuka 19. Regyuleta imekula zaidi ya mara kumi ya redio nzima! Tena inahitaji zaidi ya volti 1 juu ya inachotoa, kwa hiyo kwenye betri ya volti 3.7 haiwezi hata kukupa 3.3 kamili.

Badala yake weka MCP1700 ya volti 3.0. Inajilia mikroampia 1.6 na inafanya kazi mpaka betri ishuke karibu na 3.1. Ng'oa pia taa ya kuonyesha umeme kwenye moduli. Taa moja ya miliampia 2 inakula mara nne ya mfumo wako wote.

Kupima mkondo wa kulala kuna ujanja wake. Ukiweka mita kwenye mikroampia na saketi ikaamka, volti inaanguka ndani ya mita, mikrokontrola inajiwasha upya, nawe unasoma upuuzi. Unga swichi sambamba na mita. Ifunge saketi inapoamka, ifungue ikishalala, kisha soma. Ukiona zaidi ya mikroampia 10, kwanza kagua pini za mikrokontrola zilizoachwa zikielea, halafu mistari ya SPI (nyaya za mawasiliano kati ya mikrokontrola na chipu) inayopeleka volti kwenye chipu iliyozimwa.

Hatua ya 7: Namna ya kuzipitia chaneli

Upana wa kHz 620 hauwezi kuona MHz 8 kwa mara moja, basi pima vipande vitatu ndani ya kila chaneli. Usivichague ovyo. Si4432 ina kristali ya 30 MHz, na vizidishio vyake (480, 510, 540, 570, 600, 630, 660 na 690) vyote vimo ndani ya bendi yetu. Ukipiga hesabu utaona vinaangukia katikati ya chaneli, au MHz 2 au 4 kutoka katikati. Kwa hiyo pima kwenye −3, +1 na +3 kutoka katikati. Sehemu hizo tatu zinavikwepa vyote.

Vipande vitatu vinakupa faida nyingine. Televisheni ya dijitali inajaza chaneli sawasawa, kwa hiyo vyote vitatu husoma karibu sawa. Kimoja kikiwa juu na viwili vikiwa chini, hiyo si televisheni. Mara nyingi ni maikrofoni isiyo na waya, na jijini zimejaa: makanisa ya balokole, kumbi za harusi, mikutano. Zina upana wa kHz 200 hivi na zinaweza kujificha kati ya vipande vyako. Kama zinakuhusu, sogeza vipande kidogo kila raundi, ukiendelea kukwepa vizidishio vya kristali.

Hatua ya 8: Ipe saketi kitu cha kujilinganisha nacho

Sanduku lililo juu ya mabati hupata joto kali mchana na kupoa usiku, na ukuzaji wa saketi hubadilika nalo. Ukiweka kizingiti kimoja cha kudumu, alasiri utaona chaneli zinajaa na alfajiri zinatoweka.

Dawa yake ni ya tangu 1946, mwanafizikia Robert Dicke alipoitumia kupima mnururisho wa joto kwenye mikrowevu. Weka swichi ndogo ya RF (ya masafa ya redio) kabla ya amplifaya. Kila unapoamka, ielekeze kwanza kwenye rezista ya omu 50 na upime kelele. Kisha irudishe kwenye antena. Unachohifadhi ni tofauti kati ya vipimo hivyo viwili. Swichi za aina hii hula mikroampia chache na kupoteza chini ya nusu desibeli. Anza na kizingiti cha desibeli 3 au 4 juu ya rezista, na ukishakusanya vipimo vya siku kadhaa utajua kama unaweza kukishusha.

Kitakachobaki kuonekana ukiwa kwenye rezista kinatoka ndani ya bodi yako. Kiorodheshe chaneli kwa chaneli.

Hatua ya 9: Ng'amua mawimbi ya uongo

Tuseme chaneli za 26 na 29 zina mawimbi makali ya −25 dBm kila moja. Transista ikizidiwa, itazaa nakala kwenye 23 na 32, kwa umbali uleule upande wa chini na wa juu. Kipokezi chenye kiwango cha uvumilivu, yaani IIP3, cha −15 dBm kitaona hapo −45 dBm. Chaneli iko tupu kabisa, lakini logi yako inasema imejaa.

Kupima ni rahisi. Chukua kipunguzi cha desibeli 10, kiweke kati ya antena na kichujio, soma tena. Chaneli za 26 na 29 zitashuka 10, kama inavyotakiwa. Ile ya 32 ikishuka 10, ni mawimbi ya kweli. Ikiporomoka hadi −75, yaani desibeli 30 kwa mkupuo, ni uzao wa saketi yako. Fanya hivi kila unapohamisha kifaa. Na ukikuta uongo umejaa, kiache kipunguzi palepale: kwenye hewa yenye makelele ya Kampala, unapoteza usikivu ambao hukuwa unautumia.

Hatua ya 10: Chaneli zenye utata

Kuna chaneli zitakazocheza desibeli 1 au 2 juu ya rezista, leo ndiyo, kesho hapana. Hapo ndipo dongo ya R820T2 inarudi, ikiwashwa mara chache kwa siku kupitia swichi ya umeme, pamoja na kompyuta ndogo, kwa betri yao wenyewe.

Haitapima nguvu. Itatafuta umbo. Kila alama ya DVB-T2 (mfumo wa televisheni ya dijitali) huanza kwa kurudia mwisho wake, na katika hali ya 32K marudio hayo yako umbali wa mikrosekunde 3584. Kwa sampuli milioni 2 kwa sekunde, hizo ni sampuli 7168. Zidisha kila sampuli kwa jozi yake iliyo nyuma 7168, jumlisha muda mrefu, na kama mtangazaji yupo utaona kilele. Kelele haijirudii kwa namna hiyo, kwa hiyo mpaka wa Hatua ya 2 haukuzuii. Huhitaji MHz 8 zote pia, kwa vile kipande cha MHz 2 kinabeba marudio yaleyale. Usipoona kitu, jaribu nusu na robo ya umbali huo, maana kuna hali za 16K na 8K.

Hatua ya 11: Paani

Antena iwe juu kama antena za majirani. Kifaa kilicho chini, nyuma ya ukuta, kitasema chaneli ni tupu wakati mwenye nyumba ya pili anatazama mpira kwenye chaneli hiyohiyo kupitia antena ya mita 10. Radi zetu si za kuchezea: weka kinga ya gesi kwenye kebo, rezista ya kilo-omu 100 kutoka kiini cha kebo hadi ardhini, na waya mnene wa ardhi. Tundu la kebo litazame chini. Kidhibiti cha sola kikae mbali na antena, kwani vya bei ya chini humwaga kelele hewani kila jua linapowaka.

Kusikiliza na kupima ndicho kifaa hiki kinachofanya. Siku utakapotaka kukiongezea upande wa kurusha, anzia UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) na barua ya maombi, pamoja na logi zako za wiki kadhaa zikiwa na vipimo ghafi, vya rezista na vya antena kila kimoja kwenye safu yake.